Mafuta ya Difu na Safari ya Kumhamisha Mama

Tangu nirudi Dodoma mmekuwa mkiniuliza maswali matatu kwa zamu: gari liko wapi, shemeji yuko wapi, na kwa nini kila nikipita penye gereji naomba kunusa pipa. Kujibu kwa mdomo nimechoka. Nikifika Manyoni mmoja anacheka, nikifika Ulemo mwingine anatoka kununua sigara, akirudi nianze upya. Kwa hiyo nimeandika. Someni wenyewe, kisha mniache nifanye kazi yangu ya cherehani.

Shemeji Ramadhani mnamjua. Ni mume wa dada yangu Rebeka, mzaliwa wa Singida mjini, mtoto wa watu wa duka, mwepesi wa maneno na mzito wa kukubali kosa. Pikapu yake mnaijua pia. Wengine mmeipanda, wengi zaidi mmeisukuma.

Habari ilianza na jirani yetu wa nyumbani aliyeleta ng'ombe mnadani. Alinikuta dukani, akakataa kiti, akasema aliyotumwa akiwa amesimama. Watu wote wa upande wetu, ng'ambo ya Kinyangiri kama unakwenda Nduguti, wanahamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Matembe ya zamani, zile nyumba zetu za paa la udongo, yatabomolewa Jumamosi. Lori litapita kuchukua watu na vyombo. "Mama yako amesema lori hapandi," akasema. "Amesema alizaa mtoto wa kiume. Mtoto aje amchukue. Asipokuja, yeye atakaa ndani, paa wataliondolea juu yake."

Mama yangu hana kawaida ya kutisha watu. Akisema atakaa, anakaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

DODOMA HADI SINGIDA: KILIO

Tuliondoka Jumatano alfajiri. Kabla ya kuondoka Ramadhani aliingia chini ya gari, akaongeza mafuta kwenye difu, yaani lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ambamo meno ya chuma huzungushana ili magurudumu yaende. Aliongeza oili ya injini iliyobaki kwenye galoni. Nilimuuliza kama ndiyo yenyewe. Akanijibu, "Shemeji, mafuta ni mafuta." Mimi ni fundi cherehani, najua kwamba uzi si uzi tu, lakini nilinyamaza kwa kuwa gari ni lake.

Baada ya Bahi difu lilianza kulia. Mwanzoni ilikuwa sauti nyembamba, ya mtoto anayelilia titi. Ramadhani akasema ni upepo. Tulipopanda kutoka Kintinku, upepo ulikuwa umetulia kabisa na sauti ilikuwa imekua, imekuwa ya mtu mzima. Akasema ni barabara.

Manyoni tulikula ugali wa mtama kwa mlenda katika mgahawa karibu na stesheni. Mama mwenye mgahawa alikuwa ametusikia tangu tulipokuwa mbali. Alituwekea chakula, akatutazama, akasema, "Ninyi mnakula. Hilo je, mmelilisha nini?" Ramadhani akamwambia gari ni zima. Yule mama akarudi jikoni akisema kwamba hata mbuzi wake akilia namna hiyo hamwambii mtu ni mzima.

Singida tuliingia jioni, polepole, watu wakitoka milangoni kutazama kinachokuja.

SINGIDA: KUNUSA

Asubuhi tulikwenda kwa Fundi Abdala, aliyekuwa jirani wa marehemu baba yake Ramadhani. Ni mtu mnene, mkali, anayeongea na magari kwa upole na wenye magari kwa ukali. Ramadhani akampa shikamoo. Akaitikia "marahaba" akiwa tayari amepiga magoti nyuma ya gari.

Alifungua nati ya chini, mafuta yakamwagika kwenye karai. Yalikuwa mepesi kama chai, na ndani yake kulikuwa na vumbi la chuma linalometameta. Akalichota kwa kidole, akampaka Ramadhani mkononi.

"Nani kaweka haya?"

"Yalikuwa yamebaki, mzee."

"Viatu vya mke wako navyo vikibaki utavaa?" Kisha akatufundisha, na kwa kuwa wengi wenu mna vyombo vya kubeba mizigo, nawaandikia alivyosema. Meno ya difu la gari kama lile hayakutani tu, yanaburuzana. Oili ya injini hukamuliwa yote ikatoka katikati, kisha chuma kinakula chuma. Linataka mafuta mazito, namba tisini, tena yale yenye dawa ndani. Alikuwa na mapipa matatu. La kwanza lilikuwa la namba mia na arobaini, ya malori makuukuu. Kwa baridi yetu ya asubuhi, alisema, hayo yatalala chini kama uji wa jana na meno ya juu yatazunguka makavu. La pili lilikuwa la namba tisini isiyo na dawa, ya giaboksi, kwa kuwa dawa hiyo hula shaba na giaboksi nyingine zina shaba ndani. La tatu alilifungua akaniita mimi.

"Nusa."

Nilinusa. Yai viza na kiberiti kwa pamoja. Nikarudi nyuma.

"Hayo ndiyo," akasema Fundi Abdala. "Kama hayanuki, si yenyewe."

Kulikuwa na jambo jingine. Sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, ulikuwa umeliwa, na mpya haukupatikana mjini kote. Alikata wa ngozi ya ng'ombe, akaubana. Akasema utavuja kidogo kidogo, kwa hiyo lazima tubebe mafuta ya kuongeza. Pipa la tatu lilikuwa linaishia. Aliliinamisha, akakung'uta mpaka tone la mwisho, akapata kopo moja. Kopo lenyewe alilitoa jikoni kwa mkewe: kopo la samli, zuri, lenye kifuniko cha kubana.

"Mkisimama, shika difu kwa kiganja," akatuagiza. "Ukiweza kusema bismillahi yote mkono haujakimbia, nendeni. Mkono ukikimbia, simameni lipoe."

Nikasema mimi ni Mkristo.

"Sema Baba Yetu," akanijibu. "Ni ndefu zaidi, lakini difu haliangalii dini."

ULEMO: WEMA WA MAMA MKUMBO

Mtu anayetazama njia atauliza tulifuata nini Ulemo wakati kwetu ni kugeukia Iguguno. Tulifuata chumvi. Ramadhani alikuwa amekubali kupeleka magunia ya chumvi kwenye duka la kijiji la Ulemo, na chumvi hiyo ndiyo iliyotupatia petroli. Safari za Ramadhani zote ziko hivyo, hazijawahi kunyooka.

Difu lilikuwa limenyamaza kabisa. Tulishusha chumvi, nusu gunia ikabaki kuwa yetu, tukaenda kulala kwa Mzee Mkumbo, aliyecheza na marehemu baba yangu utotoni. Alinipokea kama mtoto aliyerudi. Mkewe, Mama Mkumbo, alituchinjia kuku, akatuletea na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasimama pale mpaka yalipokwisha. Tulizungumza habari ya kuhama. Yeye na mzee walikuwa wameshahama mwaka uliotangulia. Nilimuuliza kukoje. Akasema maji yako karibu na majirani wako karibu zaidi.

Kopo la mafuta niliogopa kuliacha kwenye gari. Nikaliingiza ndani, nikaliweka kwenye pembe penye vyombo.

Asubuhi Mama Mkumbo alinikabidhi kopo langu kwa mikono miwili. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa, na kifuniko kimefungwa kwa kitambaa safi. "Msalimie mama," akasema. "Mwambie mgeni wa hapa haondoki na aibu." Akanitazama kwa huruma nyingi. Nikadhani ananionea huruma kwa sababu ya kuhamishwa kwa mama. Nikamshukuru sana, naye akafurahi.

ULEMO HADI KINYANGIRI: KOPO

Tulirudi hadi Iguguno, tukashika njia ya Kinyangiri. Ni njia ya mchanga na mawe, na gari lilifanya kazi. Jua lilipokuwa juu difu likaanza tena kuguna. Tulisimama, nikashika. Sikufika hata "uliye mbinguni".

Ramadhani aliingia chini na kopo. Nilimsikia anafungua kitambaa, kisha kifuniko.

"Elia," akasema kutoka chini. "Njoo unuse."

Nilinusa. Ilikuwa samli. Samli safi ya maziwa ya ng'ombe wa kienyeji, ya manjano, yenye chengachenga, yenye harufu ya kumfanya mtu atafute ugali.

"Haya hayanuki," akasema Ramadhani.

"Hayanuki."

Tulikaa chini kwenye kivuli cha gari. Hapo ndipo nilipoielewa ile huruma. Mama Mkumbo alikuta kopo la samli, akalifungua, akasikia harufu ya kile kilichomo. Akaona kwamba mtoto wa marehemu, kwa kukaa mjini kusikojulikana maziwa, anampelekea mama yake samli iliyooza. Kwetu chombo cha mgeni hakiondoki kitupu, na mgeni hatangaziwi aibu yake. Akamwaga ule uvundo, akasugua kopo kwa majivu, akajaza samli yake mwenyewe, ya akiba, na hakusema neno. Katika safari nzima hakuna mtu aliyetutendea wema mkubwa kuliko huo, wala aliyetuharibia kuliko yeye. Niliporudi nilipita kwake, nikamuuliza kwa mzunguko alichofanya. Akasema alikimwaga kwenye nguzo za zizi. "Sijui kilikuwa nini, mwanangu," akasema, "lakini mchwa wamehama wote."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kurudi Singida hakukuwa na maana, pipa lilikuwa limekung'utwa. Tulikwenda mwendo wa ng'ombe mpaka Kinyangiri, tukilala chini kila baada ya kipande kungoja chuma kipoe. Mimi nilikuwa na hofu sasa, nasema kweli. Kila tuliposimama nilimwona mama amekaa ndani na watu wako juu ya paa.

Kinyangiri watu walikusanyika, kila mtu na mafuta yake. Mchinjaji alileta mafuta ya ng'ombe, akaapa kwamba mhimili wa mkokoteni wake haujawahi kulia. Dereva wa lori la pamba akatoa oili chafu ya injini, bure, na Ramadhani akanyoosha mkono kuipokea. Nikaushika mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika shemeji mkono kwa hasira.

"Mafuta ni mafuta?" nikamuuliza.

Akaurudisha.

Kulikuwa na bibi mmoja pale, mkamua mafuta ya mbarika, yale ya kulainishia ngozi na kupaka maharusi. Hakusema difu linataka nini, hakulijua. Alileta kibuyu chake kwa sababu wengine wote walikuwa wameleta. Tukafanya kama Fundi Abdala angefanya, ila kwa vidole. Tulipaka kila mafuta kati ya kidole gumba na cha pili, tukabana, tukaburuza. Oili chafu ilikimbia. Mafuta ya ng'ombe yaliganda, na yakipata joto yakawa maji. Samli hivyohivyo. Ya mbarika yalibaki. Ulibana, ukaburuza, bado yalikuwepo, yananata.

"Hayana dawa," akasema Ramadhani.

"Hayana. Lakini hayakimbii."

Tuliimwaga oili ya Fundi iliyobaki ndani, maana ya mbarika hayapatani na mafuta ya dukani, tukajaza kibuyu kizima. Bibi alipewa ile nusu gunia ya chumvi. Alitaka na samli pia, nikakataa. Hiyo ilikuwa ya mama.

NYUMBANI: MKWE

Jumamosi tuliondoka na baridi, na difu liliguna lakini halikulia. Kiganja kilivumilia Baba Yetu mpaka "utupe leo", kisha kila tuliposimama kikavumilia maneno machache zaidi. Mafuta ya mbarika yakichemka hutoa harufu nzito, tamu. Tulifika tumezungukwa nayo.

Lori lilikuwa limekwisha kupita. Matembe ya majirani yalikuwa kuta tu. La kwetu lilikuwa limeondolewa udongo na fito za nusu moja ya paa, na wanaume wanne walikuwa wamekaa kando wakivuta tumbaku, bila kufanya kitu. Mwenyekiti wa kijiji alinijia kabla sijashuka.

"Ndugu Elia, karibu. Tumembembeleza. Tulipofika nusu tukashindwa. Na sisi tuna mama."

Niliingia. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe lake la kusagia, katikati ya chumba ambacho sijawahi kukiona kikiwa na jua. Mavumbi ya paa yalikuwa kichwani na mabegani mwake. Nilisema shikamoo, nikalia. Sikulia sana.

"Umechelewa," akasema.

"Difu, mama."

"Sijui ni nani huyo." Akainuka, akajipangusa. "Beba jiwe."

Nje akasimama ghafla. Akavuta nguo kufunika kichwa, akageuza uso. Alikuwa amemwona Ramadhani. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawatazamani, jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwenzake. Ramadhani, aliyekulia mjini ambako mkwe huketishwa mezani na mama mkwe, alikuwa amefundishwa na dada yangu, akainamisha macho kwenye viatu.

"Nilikuita wewe," mama akaniambia kwa Kinyiramba. "Hukusema kwamba utaletwa na mkwe."

"Mimi sijui kuendesha, mama."

Alifikiri. Mwenyekiti, wale wanaume wanne na mimi tulingoja. Kisha akanusa hewa, akaligeukia gari. "Mbona linanuka kama bibi harusi?"

Nikamweleza kwa kifupi. Hakucheka. Alipanda nyuma mwenyewe, akakaa juu ya jiwe, mgongo ameupa chumba cha dereva. Mimi nikakaa naye, na kuku wake wanne, na mtungi.

KIJIJI KIPYA

Hapakuwa mbali. Kwa miguu ni mwendo wa kuzungumza mambo mawili. Mama hakutazama nyuma. Alitazama jiwe. Tulipoingia barabarani difu lilianza kulia tena, ile sauti ya mtu mzima.

"Linalia nini?"

"Halikupata mafuta yake, mama. Limewekewa mengine."

Akasikiliza kidogo. "Limepewa ya wenzake," akasema, "na bado mnataka litembee."

Nikaushika mtungi usigonge jiwe.

Tulifika. Mistari ya viwanja imenyooshwa kwa kamba, vigingi vyenye vitambaa, vyombo vya watu vimewekwa chini kwenye jua. Kigingi cha mama kilikuwa cha mwisho. Ramadhani alilisogeza gari mpaka pale hasa, pakasikika mlio wa chuma kukatika, na magurudumu ya nyuma yakakataa. Injini ilinguruma peke yake, kisha akaizima.

Hapo mama akateremka. Nilidhani anakwenda kuangalia kiwanja chake. Alizunguka gari, akaenda mpaka kwenye mlango wa dereva, akasimama mbele yake pale. Wanawake waliokuwa karibu wakaacha walichokuwa wakifanya. Ramadhani aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mama akaiteremsha nguo kichwani.

"Basi," akamwambia, yeye mwenyewe, usoni, "na wewe umehamishwa."

Kisha akaniita nishushe jiwe.

Kwa hiyo gari liko kule, mkia umeinuliwa juu ya magogo. Shemeji yuko nalo, kwa sababu hawezi kuliacha, na mwenyekiti amempa kiwanja cha pili kutoka mwisho ili asilale bure. Mimi nimerudi kwa lori kutafuta meno ya difu na mafuta, namba tisini, yenye dawa. Ndiyo maana nanusa. Meno nimeahidiwa. Mafuta nimeyapata jana, yananuka sawasawa, nami nimeyatia kwenye chupa ambayo hakuna mtu atakayedhani ni ya samli.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Ramadhani anachimba shimo la nguzo ya kwanza ya nyumba ya mama. Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa jiwe, umbali wa adabu, akiipaka nguzo ile samli ya Mama Mkumbo. Aliionja siku ya kwanza, akasema ni nzuri lakini chombo kilikuwa na kitu kibaya, haifai kuliwa, na mchwa nao hawataigusa. Hawakuwa wakizungumza. Alipomaliza kupaka aliisukuma nguzo kwa mguu kuelekea kwa mkwe, naye akaipokea bila kuinua macho.

Nilimuuliza mama nimletee nini kutoka Dodoma. Akasema hahitaji kitu. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kwenye lori aliponiita.

"Na hayo mafuta," akasema, "usiyakimbilie. Nguzo bado ni nyingi."